Papasa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. La zamani limejaa malalamiko, na hili naona litafuata njia ileile.

Leo asubuhi Sentimita, msimamizi wetu, kaja na tepu yake shingoni. Mtu huyu hata salamu anaipima. Kasema oda kubwa imeingia: mapazia ya jukwaa la ukumbi mpya. Mahameli nyekundu, vipande vinane, kila kipande kirefu kuliko nyumba yangu. Na mwisho wa mwezi karakana itapata Fundi Mkuu. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba atakayekata mapazia haya atakuwa amejipima mwenyewe, kisha akamkabidhi mdogo wangu mkasi.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Viganja viliniwasha mpaka saa nne.

Mimi ndiye niliyemleta pale! Miaka tisa iliyopita nilimshika mkono nikamwingiza mlangoni. Nikamfundisha kutunga uzi kwenye cherehani, kukunja pindo, kuijua mahameli. Leo wateja wakija wananiuliza mimi: "Samahani, yule fundi yupo?"

Wivu. Basi, nimeliandika neno lenyewe. Nani atasoma?


Jumatano, 5 Machi

Saa ya chakula. Nimejificha nyuma ya majora ya bitana. Daftari linaenea kwenye mfuko wa aproni bila kuonekana.

Kalamu nimeishika kwa kushoto. Ni hapa tu, kwenye daftari. Kazini, ukimtoa mdogo wangu, hakuna ajuaye kwamba mimi ni wa kushoto. Mama alinitoa huko kwa fimbo na kitambaa. Usiku na mchana alinifunga mkono ule nyuma ya mgongo, mafundo mawili, mpaka nikajua kula, kuandika na kushona kwa kulia kama watu. Mwaka mmoja baada yangu akazaliwa mdogo wangu, akashika kijiko kwa kulia, na Mama akawaambia majirani kwamba huyu ndiye mwanawe mwenye akili. Kwa kijiko!

Tangu juzi nalipigia hesabu jambo hili. Mimi nilichapwa kwa mkono nisiouchagua. Yeye alisifiwa kwa mkono asiouchagua. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Na mkasi je? Mikasi yote ya karakana imetengenezwa kwa wa kulia. Ukiishika kwa kushoto makali yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati na hakikatiki. Mkono wangu huu wa kulia, kwa miaka ya fimbo, unashona mstari ulionyooka. Kukata mahameli nzito hauwezi. Ndiyo maana mimi niko kwenye cherehani na yeye yuko meza ya kukatia. Cheo anapewa na mkasi. Mkasi na Mama. Yeye mwenyewe kafanya nini?

Kengele imelia.


Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu alikuwa anachokonoa redio ya jirani juu ya meza ya chakula. Nikamweleza mawazo yangu yote, mkasi, kijiko, Mama. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema katika kazi yake hajawahi kuichapa redio inayokoroma wala kuipongeza inayoimba. Anafungua, anatazama waya. Kila mlio una sababu yake ndani.

Nilifurahi! Nikamwambia hayo ndiyo maneno, basi na mdogo wangu asipewe cheo, maana waya zake alizikuta.

Akasema cheo si pongezi. Spika kubwa inatiwa kwenye kasha kubwa kwa sababu ndimo inamoenea, si kwa kuiheshimu.

Nikamwambia aondoe redio mezani, chakula kinapoa.


Jumatatu, 10 Machi

Sitalidanganya daftari. Mdogo wangu anajua kazi.

Mahameli ina manyoya, nayo hulala upande mmoja kama ya paka. Ukipapasa kwa kuyafuata, laini. Ukipapasa kinyume, yanakukataa. Vipande vyote vya pazia lazima vilale upande mmoja, la sivyo vikishatundikwa na taa kuwashwa kimoja kitang'aa na kingine kitakuwa cheusi. Mezani huoni tofauti kwa jicho. Kiganja ndicho kinachojua. Kwa hiyo mkataji hupapasa kwanza, kisha hugeuza kitambaa na kuchora mshale wa chaki mgongoni, kuonyesha manyoya yanakoelekea. Sisi wa cherehani tunaufuata mshale huo tu, hatuulizi.

Leo alipapasa macho kayafumba. Mshale mmoja, mkato mmoja, mpaka vinane. Hakurudia hata kimoja. Sentimita akapima, akapima tena, akaikunja tepu. Mama Vifungo, wa meza ya vifungo, ambaye huwa hamsifu mtu isipokuwa marehemu, akasema kwa sauti: "Huo ni mkono wa kuzaliwa nao."

Niliuma uzi kwa meno mpaka ukanikata mdomo.

Mkono wa kuzaliwa nao. Basi mpigieni makofi aliyemzaa!


Jumanne, 11 Machi

Nimefanya jambo.

Saa tano hivi mvuke wa pasi ulifuta mishale kwenye vipande viwili. Sentimita alikuwa anamwita mdogo wangu nje wakapime vyuma vya ukumbini, gari linanguruma. Mdogo wangu akanijia mbio, chaki mkononi.

"Dada, nichoree hivi viwili. Papasa kwanza."

Papasa kwanza! Mimi! Niliyemfundisha hilo neno! Cherehani zilikuwa zinalia, hakuna mwingine aliyesikia.

Nikaenda mezani. Nikapapasa, ndiyo, vizuri kabisa. Manyoya yalikuwa yanaelekea mlangoni. Nikageuza kitambaa. Chaki ilikuwa tayari mkono wa kushoto, sijui ilifikaje huko. Mkono ukachora mshale unaoelekea dirishani. Kipande cha pili, vilevile, dirishani. Nikajipangusa vumbi kwenye aproni nikarudi kwenye cherehani yangu.

Hakuna aliyetazama.


Jumatano, 12 Machi

Nimeshona. Hakuna la kuandika.


Alhamisi, 13 Machi

Bitana imeshonwa, mishale yote imefichika ndani. Mpaka jana jioni ningeweza kusema "ngojeni, nimekosea miwili hii." Maneno manne, matano. Nilikunywa maji mara sita. Sikuyasema.

Sasa nisikilize, daftari. Mshale ulichorwa na mkono. Mkono uliongozwa na wivu. Wivu ulipandwa na Mama kwa mafundo mawili ya kitambaa, nami nilikuwa sijui hata kuhesabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata chaki iliyonifikia ilitoka kwenye mvuke wa pasi, na pasi sikuwasha mimi. Ukifuata uzi huu nyuma, unapita kwangu na kwenda zake. Nimekuwa tundu la sindano tu. Liandikwalo ndilo liwalo.

Nimesoma tena. Imekaa vizuri sana. Mbona silali?


Jumamosi, 15 Machi

Ukumbini. Tulikwenda wote, nguo safi, kama waalikwa wa harusi. Mwenye ukumbi na mkewe mstari wa mbele. Mapazia yakapandishwa. Kwa mwanga wa milangoni yalikuwa mazuri, watu wakasema aaa. Ndipo fundi umeme akawasha taa za jukwaa.

Vipande sita vikawaka kama makaa. Viwili, cha tatu na cha sita, vikawa vyeusi. Vyeusi kama mapengo mdomoni.

Mke wa mwenye ukumbi akauliza kama ndivyo vinavyotakiwa kuwa.

Nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Mdogo wangu angesema "viwili hivyo alichora dada," nami ningeshika kichwa na kusema masikini nilikosea, macho, uchovu. Sentimita akamgeukia. Akamuuliza nani alichora mishale.

"Mimi," akasema. "Yote ni yangu."

Hakunitazama. Mama Vifungo akanong'ona kikulacho ki nguoni mwako, lakini huwa anasema hivyo hata uzi ukikatika.


Jumapili, 16 Machi

Kwa Mama. Mdogo wangu hakuja, kichwa kinamuuma. Habari zilishafika. Mama akaniwekea kiti cha mkono, kile cha marehemu Baba, ambacho siku zote hukikalia mdogo wangu. Akanimiminia chai kwanza. Akasema, akinishika bega, kwamba kasi si ufundi, kwamba alijua siku zote mimi mkubwa ndiye niliyetulia.

Miaka thelathini na saba nimesubiri sentensi hiyo. Nikaimeza na chai. Ilikuwa tamu, kweli, sitasema uongo, ilikuwa tamu mpaka getini.

Nimetuzwa kwa kosa langu. Na yeye kaadhibiwa kwa wema wake. Nani sasa alie kuhusu vijiko?


Jumanne, 18 Machi

Sentimita kaniita ofisini. Kasema mdogo wangu atahamia kwenye vifungo, na mimi nishike nafasi ya Fundi Mkuu kwa majaribio. Watu watakata, mimi nitasimamia. Hakuna mkasi! Kazi niliyoitaka, imekatwa kwa kipimo changu.

Nikasema asante. Nilipotoka mdogo wangu alikuwa ameketi na Mama Vifungo, bakuli la vifungo mapajani, anavichambua kwa rangi. Haraka, haraka, vidole vile vinaruka. Hata vifungo! Hata kwenye adhabu ni fundi. Wivu haukuondoka, umebadili kiti tu.

Jioni nikamuuliza mume wangu, kwa mbali, kama habari ya watu wengine: mtu akiharibu kitu kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, ana kosa? Aliweka bisibisi chini.

"Nimetengeneza redio miaka ishirini," akasema. "Sijawahi kuletewa inayouliza swali hilo."

Kisha akaendelea na kazi. Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.


Alhamisi, 20 Machi

Mapazia yamerudi. Sentimita kafumua bitana mwenyewe, wembe mkononi, ulimi nje. Akaviweka vipande vinane sakafuni, migongo juu, akatembea juu ya viti ili asivikanyage.

Mishale sita imenyooka, safi. Miwili ina doa, vumbi la chaki limeburutwa mstari mzima.

Nikajua papo hapo. Mshale ukichorwa kwenda kulia, mkono wa kushoto unaifuata chaki yake mwenyewe na kuifuta. Mwalimu wa darasa la kwanza alinikasirikia kwa doa hilohilo ubaoni. Sentimita hajui hilo la mikono. Anajua vipimo tu. Akasema aliyechora sita siye aliyechora miwili. Mdogo wangu akasisitiza ni yeye, alikuwa na haraka. Sentimita akasema kwa miaka tisa hajaona vumbi kwenye mshale wake hata siku moja.

Jumamosi wote tuliokuwemo chumbani Jumanne ile tutachora mshale mbele yake. Tuko watano. Atakayetoa doa ataondoka kazini siku hiyohiyo. Mama Vifungo akauliza, je, kama mtu alikuwa na sababu? Sentimita akajibu kwamba kila kosa lina sababu, hata mvua ina sababu, mtu afike na kosa lake ofisini na sababu aziache nyumbani.

Wiki mbili zilizopita ningempinga. Leo niliangalia viatu vyangu.


Ijumaa, 21 Machi

Amekuja nyumbani. Mume wangu akatoka na redio yake, akasema anakwenda kujaribu mawimbi. Ana akili yule.

Tulikaa jikoni. Hakugusa chai. Alikuwa anatazama mikono yangu na mimi nikaificha chini ya meza, kama mtoto. Halafu akauliza, polepole, hata hasira hana:

"Dada, siku ile, ulipapasa?"

Nikasema sikumbuki.

Akaitikia kwa kichwa. Ningesema "sikupapasa, nilisahau", ingekuwa makosa ya kazi, yangeisha. Mtu ambaye hakupapasa amekosea. Aliyepapasa hakukosea, amekusudia. Tunalijua hilo sisi wawili kuliko watu wote duniani, maana mimi nilimfundisha.

Akainuka. Mlangoni akasema anakumbuka kile kitambaa Mama alichokuwa akinifunga. Cha maua ya buluu. Akasema usiku alikuwa anakuja kitandani kwangu kukifungua, maana nililala vibaya mkono ukiwa nyuma, na alfajiri anakifunga tena kabla Mama hajaamka. Mara moja akafunga fundo moja badala ya mawili. Mama akagundua. Akamchapa.

Sikujua. Miaka yote nilidhani kitambaa kilikuwa kinalegea chenyewe.

Alipoondoka nilikaa palepale. Alikuwa na miaka minne, mitano. Mama yuleyule, nyumba ileile, fimbo ileile. Yeye akatoka na hilo, mimi nikatoka na hili. Uzi niliokuwa naufuata nyuma kwa furaha leo umenikatikia mkononi. Labda alizaliwa na huruma kama alivyozaliwa na mkono. Labda hata hiyo si sifa yake! Nimeiandika sentensi hiyo na mara hii nimeona haya.

Na bado, Mungu wangu, namwonea wivu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua.


Jumamosi, 22 Machi

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi. Nikiandika, leo kwa kulia, hakuna anayenishangaa, wanafikiri nafanya mazoezi ya kuwa Fundi Mkuu. Mlango uko wazi, Sentimita kataka hivyo. Mezani kuna kipande cha mahameli, mgongo juu, na chaki moja. Anaanza aliyeajiriwa mwisho. Mimi ndiye wa zamani kuliko wote, kwa hiyo nitamalizia.

Nimeamua. Nitachora kwa kulia. Asubuhi nimejaribu jikoni mara kumi na mbili, mishale kumi na mbili, safi yote. Fimbo za Mama ndizo zitakazoniokoa leo. Kisha nitamsaidia mdogo wangu, nikishakuwa na cheo nitamrudisha kwenye mkasi taratibu. Nitamlipa kwa wema. Kila mtu atapona.

Mpiga pasi katoka. Safi.

Jirani yangu wa cherehani, safi.

Mama Vifungo kavunja chaki, kachora kitu kama mkia wa mbuzi. Hakuna doa. Katoka anajipepea.

Mdogo wangu kaingia. Namwona mgongo na kiwiko. Sentimita anamwonyesha mahali. Kachukua chaki kwa kulia. Ameishika tu, hachori. Kageuka kunitazama, mara ya kwanza tangu ukumbini. Macho hayana kitu, wala lawama.

Ameihamishia kushoto.

Huyu hajawahi kushika hata kijiko kwa kushoto! Anachora polepole sana, na kiganja kinafuata nyuma, kinaburuta, kinapakaza. Ndivyo ninavyofanya mimi. Amenichunguza tangu utotoni, hata hilo analijua. Sentimita kainama. Anapima doa kwa tepu.

La kwanza lililonijia si huruma. Nitaliandika kabla sijajifunza kulificha. Lilikuwa: hata hili kanizidi.

Sentimita anasema basi, ni kweli, alikuwa yeye na haraka zake. Anamwambia akakusanye vitu vyake. Yeye anajipangusa kiganja kwenye aproni.

Naitwa. Kwa kukamilisha orodha tu, anasema Sentimita, na karatasi ya kumwondoa keshaivuta. Nimesimama, naandika daftari likiwa ukutani. Mdogo wangu kajibana mlangoni ili nipite. Nikiingia na huu wa kulia natoka Fundi Mkuu. Naweza. Na huu mwingine pia naweza, hakuna aliyeufunga leo, na ndiyo maana bado sijapita. Wala Mama hayupo humu, wala pasi.

Sentimita anaita mara ya pili. Kutoka hapa naiona meza. Chaki mdogo wangu kaiacha upande wa kushoto. Kalamu naihamishia kushoto, naingia.